Sufuri Mbili Zimekwenda Wapi?



Kila Mei Mosi tunapanga mistari, tunapita mbele ya jukwaa na mabango yetu, kisha tunakaa juani kusikiliza hotuba. Mara nyingi tunaelezwa kwa upole kwa nini kima cha chini cha mshahara hakiwezi kupandishwa mwaka huu. Kesho yake gazeti huandika yote yaliyosemwa, pamoja na picha ya mheshimiwa akipunga mkono. Leo tunawauliza wote wawili, msemaji na mwandishi, swali dogo la hesabu.

Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, wakati wa serikali ya Obote. Kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Miaka zaidi ya arobaini imepita na hakijapandishwa. Magazeti hukitaja vivyo hivyo: shilingi 6,000. Mwandishi ameandika, mhariri amepitisha, msomaji amesikitika, basi.

Lakini wazee wetu wa mashambani wanakumbuka jambo ambalo mwandishi amelisahau. Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha, na shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Sasa chukua kalamu, ndugu mwandishi. Ondoa sufuri mbili kwenye 6,000. Umebaki na ngapi? Sitini! Mfanyakazi akilipwa kima hicho kwa hesabu hiyo, atapewa sarafu moja ya hamsini, na zile kumi zilizobaki hata mwenye duka hatajua azitoe wapi. Kwa uzembe wa kalamu mnatuongezea mshahara mara mia. Ahsanteni sana, ila hatujauona.

Tuje kwa waheshimiwa na udhuru wao.

Wa kwanza: "Tukipandisha mishahara, wawekezaji watakimbia." Watakimbilia wapi? Kenya ina amri za kima cha chini, na mwaka 2022 ilikipandisha kwa asilimia 12. Tanzania ilitoa amri mpya kwa sekta binafsi mwaka huo huo wa 2022, ikaanza kutumika Januari 2023. Mbona viwanda vya Thika na Morogoro bado vinapiga king'ora cha asubuhi? Tena mwekezaji anayekuja kwa sababu mtu hulipwa sitini, huyo hakuja kuwekeza. Amekuja kuchuma.

Wa pili: "Serikali haina fedha." Mheshimiwa, nani amekuomba fedha? Mkata miwa, mchuma chai na mshona magunia hulipwa na mwajiri wao, si na hazina. Kazi yako ni kutia saini. Wino haugharimu kiasi hicho. Na kama ni fedha, mwaka 2021 zilipatikana: kila mbunge alipewa shilingi milioni 200 za kununulia gari. Tuwahurumie waandishi na tutumie ile 6,000 yao. Mfanyakazi wa kima cha chini angehitaji miaka zaidi ya 2,700 kuzipata, asile, asiugue, asilipe kodi ya nyumba. Angepaswa kuanza kazi kabla ya Yesu kuzaliwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wa tatu: "Soko ndilo litakaloamua." Soko hilo tunalijua. Ni pale getini alfajiri, watu mia wakigombea nafasi kumi, na msimamizi akiuliza nani atakubali kidogo zaidi. Bei ya jasho ikipangwa namna hiyo, hayo si mapatano.

Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada uliotaka kima cha chini kipangwe kwa kila sekta. Rais hakuutia saini. Hapa ndipo mwandishi makini angerudi kila mwezi kuuliza: umefikia wapi? Nani anaukalia? Lakini habari ya muswada kupita ni sherehe, na habari ya muswada kulala haina picha nzuri. Vivyo hivyo kwa migomo. Tukigoma, gazeti linatuambia mwenye kiwanda amepoteza mamilioni mangapi kwa siku. Hatujasoma hata mara moja mfanyakazi amepoteza kiasi gani kwa miaka arobaini.

Hatusemi waandishi wote ni maadui. Wengi wao nao hulipwa kwa kila habari, na malipo yao pia huchelewa. Wao ni wavuja jasho kama sisi, na wangefaa kuwa upande wetu. Tunawaomba jambo moja tu: mheshimiwa akitoa udhuru, msiuandike kabla ya kumwuliza hesabu yake.

Nasi tusingoje gazeti. Kila tawi liandike kwenye ubao wake bei ya posho, maharage na sabuni kwa mwezi, na kando yake mshahara wa idara ya chini kabisa. Ubao huo uchukuliwe kwenye meza ya mapatano na mwajiri. Na mgombea akija kuomba kura, asimamishwe mbele yake, apewe chaki, aondoe sufuri mbili kwa mkono wake mwenyewe. Halafu aendelee na hotuba, kama bado anayo.

Umoja ni nguvu!