Acheni kuwaambia vijana wa Kwale laptopu zao hazifai Java

Wadau, leo sina mzaha. Kuna ushauri unazunguka mitandaoni na kwenye madarasa ya kompyuta huku kwetu pwani ya kusini, na unawafukuza watu kabla hawajaanza. Unasema hivi: ukitaka kujifunza Java, kwanza tafuta laptopu ya GB 16, weka IntelliJ IDEA, ndipo uanze. Huna? Basi subiri mpaka upate.

Mimi nasema ushauri huo ni mbaya. Ni mbaya kwa mwanafunzi, ni mbaya kwa mzazi anayelipa karo, na kiufundi hauna miguu.

Tuelewane kwanza hiyo IDE ni kitu gani, manake wengi wanaitaja na hawaielezi. Java ina injini yake, inaitwa JDK. Humo ndimo mna kompaila, yaani kile chombo kinachogeuza msimbo uliouandika kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. IDE ni programu inayokaa juu ya injini hiyo. Inakupa pahali pa kuandika, kitufe cha kuendesha, mstari mwekundu chini ya kosa, na debaga ya kusimamisha programu katikati ili uone kila thamani imefika wapi. Fikiria tuktuk. JDK ni injini, IDE ni usukani, viti na taa. Ukibadilisha viti, injini ni ile ile. Java unayoandika kwenye IDE ndogo kabisa ni Java ile ile inayoandikwa kwenye ofisi kubwa Nairobi.

Sasa tuje kwa mashine. Vijana wengi ninaowajua, kuanzia Diani mpaka Msambweni, wana laptopu za mtumba. RAM ni GB 4, hadi diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, na betri nyingine zimekufa kabisa, laptopu inawaka ikiwa kwenye stima tu. Windows ikishawaka, RAM karibu nusu imeshaliwa. Fungua Chrome na tabu tatu, umebaki na nini?

JetBrains, ambao ndio wanaoitengeneza IntelliJ, wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 8. Hawajaficha, wameandika. Na Android Studio, ambayo imejengwa juu ya IntelliJ hiyo hiyo, ni nzito zaidi. Sababu ipo. Ukifungua mradi, IntelliJ inaupitia wote pamoja na JDK na kuutengenezea faharasa, ili ikumalizie maneno unapoandika na kukutafutia kitu haraka. Kwa mtu mwenye mradi wa mafaili elfu tatu hiyo ni baraka. Kwa mtu mwenye faili moja linaloandika "Hujambo Kwale" ni sawa na kukodi lori la mchanga kubeba madafu mawili.

Halafu kuna bando. Faili la kusakinisha IntelliJ linakaribia GB nzima. Watu wetu wananunua bando ya saa moja. Mtandao ukizembea kidogo, saa imekwisha, faili liko asilimia 80 na pesa imeenda. Haya mambo huyaoni ukiwa unafundisha ukiwa na waifai ya ofisi.

Niwape mfano. Binti mmoja wa Msambweni aliniletea laptopu yake mwaka jana. Alikuwa amelipiwa kozi ya Java katika chuo kimoja, jina nalihifadhi. Wiki ya kwanza darasa zima liliambiwa liweke IntelliJ. Yake ikawa inachukua dakika kumi kufungua mradi, kisha inaganda. Mwalimu akamwambia mashine yake ni takataka, amwambie babake anunue nyingine. Babake ni mvuvi. Wiki tatu binti akawa anachungulia skrini ya jirani, mwisho akaacha, na karo haikurudi. Mimi nilimwekea BlueJ kwenye laptopu ile ile, na jioni hiyo hiyo akaendesha programu yake ya kwanza. Aliniambia maneno mawili tu: "Kumbe naweza." Wiki tatu nzima alikuwa anaamini tatizo ni kichwa chake.

Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu anayeanza hawezi kutofautisha kosa lake na uzito wa chombo alichopewa. Skrini ikiganda, anajilaumu yeye. Na ukimwambia mashine yake haifai, anasikia familia yake haifai.

Nieleze hiyo BlueJ ni nini, msije mkasema nimempa kitu cha watoto. Ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Monash, Australia, mikononi mwa Michael Kölling na John Rosenberg. Waliitengeneza kwa ajili ya kufundishia. Ni ya bure, ni ndogo sana ukilinganisha na IntelliJ, na ya Windows inakuja na JDK yake ndani, kwa hivyo hupotezi siku nzima ukipigana na mipangilio. Ukiifungua hukuti menyu mia. Unaona klasi zako kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale.

Andika klasi inaitwa Tuktuk, yenye nauli na idadi ya abiria. Bofya kisanduku chake kwa kitufe cha kulia cha mausi, unda tuktuk mpya. Inatokea chini ya dirisha, unaiona kwa macho. Unda na ya pili. Ibofye ya kwanza, iambie ipandishe abiria, kisha ichungulie ndani: idadi imepanda kwa moja, na ile ya pili bado haina mtu. Umeelewa tofauti ya klasi na objekti kwa dakika tano, jambo ambalo wengine wanamaliza muhula wakilikariri bila kulielewa. Na bado hujagusa ule wimbo wa public static void main.

Najua mtakayosema. La kwanza: "Waajiri wanatumia IntelliJ." Kweli, wengi wanaitumia, na ni chombo kizuri. Nitaitendea haki pia: inahifadhi kazi yako yenyewe, na kwa namna stima inavyokatika huku, hilo si dogo. Lakini mwajiri akikuajiri atakupa mashine. Kwenye usaili hakuulizi rangi ya IDE yako. Anakuuliza kitanzi, orodha, na kama unaweza kusoma ujumbe wa kosa ukajua tatizo liko mstari gani. Mtu anayejua Java anaizoea IDE mpya kwa wiki moja. Asiyejua Java, hata umpe laptopu ya laki mbili, atakuwa anabofya tu.

La pili linatoka upande wa pili kabisa: "IDE ni uvivu, mwanafunzi wa kweli anaanza na Notepad." Hawa nao ni wale wale, wanataka mgeni ateseke ndio aheshimike. Ni vizuri ufanye hivyo mara moja, alasiri moja. Andika faili kwa Notepad, fungua dirisha jeusi la amri, andika javac kisha java, uone kitufe cha IDE huwa kinakufanyia nini. Siku hizi hata imerahisishwa. Tangu Java 11 ya mwaka 2018 unaweza kuandika java Hujambo.java na faili likaendeshwa moja kwa moja. Na Java 25, iliyotoka Septemba 2025, imeruhusu programu ndogo kuanza na void main() peke yake, bila yale maneno marefu. Wenye Java yenyewe wamekubali mlango ulikuwa mwembamba, wakaupanua. Ninyi bado mmesimama mlangoni mnauliza watu RAM.

Lakini baada ya hiyo alasiri moja, mpe mtu IDE. Anayeanza ndiye anayehitaji mstari mwekundu kuliko wote. Ndiye anayehitaji debaga, kwa sababu bado hawezi kuiendesha programu kichwani.

La tatu: "BlueJ ina mwisho wake." Naam, inao, nao ni mzuri. Ukishaandika miradi miwili mitatu na visanduku vimejaa, nenda NetBeans au Eclipse, zote za bure. NetBeans yenyewe ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi mjini Prague, kampuni ya Sun ikainunua 1999, na sasa iko chini ya Apache. Eclipse ilitoka IBM, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2001. Ukifika hapo zoea kubonyeza Ctrl na S kila baada ya mistari michache, manake stima haipigi hodi. Siku ukipata GB 8 au zaidi, karibu IntelliJ, utaifurahia kwa sababu utakuwa unajua inakusaidia nini.

Mtu ataniuliza, kwani Java ina umuhimu gani kwa mtu wa Kwale? Angalia karibu. Takwimu za malaria kutoka vituo vya afya vya Msambweni na Kinango zinaingia kwenye mfumo wa taifa wa habari za afya. Mfumo huo umejengwa juu ya DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Imeandikwa kwa Java. OpenMRS, ya rekodi za wagonjwa, ambayo mizizi yake mmoja uko Eldoret tangu 2004, nayo ni Java, na KenyaEMR inayotumika kwenye kliniki zetu imejengwa juu yake. Msimbo wa zote mbili uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma. Kwa hivyo homa ya mtoto wa Kwale inahesabiwa kwa Java, na sisi tunamwambia dadake laptopu yake haifai kujifunza Java.

Na wakati wenyewe ndio huu. Uchimbaji wa Base Titanium uliisha Desemba 2024. Hoteli za Diani zina msimu, msimu ukiisha watu wanarudi nyumbani. Bodaboda zimejaa barabarani. Vijana wanatafuta mlango mwingine, na wengine wameuona huu. Sisemi Java itaajiri kila mtu, huo ungekuwa uongo. Nasema anayetaka kujaribu asikwamishwe na RAM.

Kwa hivyo ninyi mnaofundisha, kuanzia Ukunda mpaka Lunga Lunga, nawaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kabla hujapokea karo, mwambie mzazi ni mashine gani inahitajika, kwa maandishi. Akilipa bila kujua, umemuuzia kitu ambacho hawezi kukitumia.

Pili, mafaili yote ya kusakinisha yawe kwenye flashi, yazunguke darasani. Moja ya shilingi mia chache inaokoa bando za watu thelathini.

Tatu, chagua IDE kwa kuangalia mashine dhaifu kuliko zote darasani. Anza na chombo kinachofunguka hapo. Mwenye laptopu kubwa hatapungukiwa na kitu, BlueJ kwake itafunguka kwa sekunde mbili.

Na wewe mwenye GB 4 unayesoma hapa, usimngoje mwalimu abadilike. Funga Chrome, weka BlueJ, andika klasi moja ya kitu unachokijua: ngalawa, duka la mama, kibanda cha mahamri. Ipe thamani mbili na kazi moja ya kufanya. Iendeshe leo. Kosa likitokea, soma mstari wake polepole, rekebisha, endesha tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na laptopu yako inaiweza.