Usinunue betri kabla ya kupima

Nimekuwa kimya hapa siku nyingi. Sababu ni gari. Nikienda nyumbani Kombewa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi haliwaki. Vijana wa boda wanasukuma, nami nafika kazini Kisumu nimechelewa.

Fundi akaniambia, "Injinia, betri imekufa, nunua nyingine." Nikanunua. Wiki mbili baadaye, yale yale!

Hapo niliona aibu. Programu ikikwama sinunui kompyuta mpya, natafuta kosa. Mbona kwa gari nilikubali kubahatisha? Na dalili ilikuwepo: siku ninazoendesha kila siku, gari huwaka bila shida.

Nikachukua multimita. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6. Injini ikinguruma nilipata 14.2, maana yake altaneta inachaji. Umeme unaingia, basi unavujia wapi?

Nikazima kila kitu na kufunga milango. Nikachomoa waya wa hasi, nikaweka multimita kati yake na betri, kwenye tundu la ampea 10, kisha nikangoja nusu saa kompyuta za gari zilale. (Usipige stata wakati huo, utaunguza fyuzi ya multimita.) Gari lililozimwa kwa kawaida hula chini ya ampea 0.05. Langu lilikula 0.6!

Piga hesabu. Ijumaa saa moja jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 59. Zidisha kwa 0.6: zaidi ya ampea-saa 35, na betri yangu ni ya 45. Usiku mmoja huondoka kama 7 tu, ambazo altaneta huzirudisha njiani.

Nikachomoa fyuzi moja moja nikitazama namba. Haikushuka. Basi mwizi yuko nje ya kisanduku cha fyuzi. Nikafuata waya mnene uliotoka moja kwa moja kwenye betri hadi kwenye amplifaya ya muziki niliyofungiwa mwaka jana. Waya mwembamba wa kuiamsha ulikuwa umeungwa kwenye umeme wa kudumu badala ya redio, kwa hiyo haikulala hata siku moja. Nikauhamisha. Namba: 0.03.

Simlaumu fundi sana. Sisi wateja tuna haraka, na hakuna anayekubali kulipia nusu saa ya mtu kusimama akitazama namba. Betri mpya tunalipia bila kulalamika kwa sababu tunaishika mkononi. Tunalipia vipuri, hatulipii kufikiri, halafu tunashangaa tunapouziwa vipuri.

Na hasara haikuishia kwenye pesa. Betri ya gari ikiishiwa kabisa mara kwa mara huharibika, kwa hiyo hata hiyo mpya nimeshaipunguzia maisha.

Basi ndugu msomaji, ukiambiwa betri imekufa, uliza swali moja tu: umepima ngapi? Fundi akikupa namba, mlipe kwa hiyo namba.