Santuri ya Nas na deni la Arusha

Mwaka 2021, Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza Illmatic, albamu ya Nas ya mwaka 1994, katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa zima. Ni kazi ya kijana wa nyumba za umma za Queensbridge, New York, aliyesimulia umaskini na magereza. Taifa lililosutwa ndilo linaloitunza.

Tujitazame. Mwaka 2004, X Plastaz wa Arusha walitoa Maasai Hip Hop, albamu iliyokutanisha ughani wa Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa Merege. Mchapishaji hakuwa wa hapa. Alikuwa OutHere, kampuni ya Munich, Ujerumani. Mwaka 2006 Faza Nelly, mmoja wa nguzo za kundi hilo, alifariki dunia. Kijana wa Elerai aliyezaliwa albamu hiyo ilipotoka amekwisha kuwa mtu mzima. Je, nani amekabidhiwa wajibu wa kumtunzia urithi huo?

Wapo watakaosema kwamba simu inatosha na santuri ni anasa ya wenye nazo. Wanakosea. Thamani ya santuri haiko katika sahani peke yake. Iko pia katika jalada, na jalada ni hati. Humo huandikwa nani ametunga, nani amepiga ala, nani amealikwa. Katika Illmatic, AZ ni mghani mwalikwa, na Olu Dara, baba mzazi wa Nas, anapuliza ala katika wimbo huohuo. Wimbo unaorushwa kutoka simu hadi simu huvuliwa majina hayo, na msanii mwalikwa huwa wa kwanza kusahauliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watumbuizaji, lakini haki isiyo na ushahidi haidaiki.

Vazi la Mmaasai twalitundika kwenye mabango ya utalii bila kusita. Sauti yake ikikutana na hip hop ya mtaani, bado wapo wanaoiita uhuni.

Maofisa utamaduni, anzisheni orodha ya kazi zilizorekodiwa Arusha, pamoja na majina ya wote walioshiriki. Wakutubi, tafuteni nakala. Wanafunzi, wahojini waasisi wangali hai. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.