Hati ya Msahafu katika simu: msomaji aachiwe achague

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, si ajabu siku hizi, baada ya sala ya Alfajiri, kumwona mtu msikitini ameinamia simu akisoma juzuu yake ya siku. Hatuna ugomvi na hilo. Linalotushughulisha ni jambo dogo kwa sura, nalo linawavunja moyo wazee wetu: hati inayotokea kwenye kioo cha simu hiyo.

Wazee wengi wa pwani yetu walisomea chuoni kwa misahafu iliyopigwa chapa Bombay, na baadaye ile ya Pakistani. Programu nyingi za Qur'ani, kwa upande wake, humfungulia msomaji hati ya Msahafu wa Madina, ulioandikwa na khatati Uthman Taha na kuchapishwa na Jumba la Mfalme Fahd lililofunguliwa mwaka 1984. Maneno ni yale yale. Alama ndizo zinazotofautiana. Katika hati ya Madina, kiduara juu ya herufi kina maana kwamba herufi hiyo haitamkwi, na sukuni ni kichwa kidogo cha khaa kisicho na nukta. Aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kiduara ndiyo sukuni, afanyeje? Nuni inayofichwa, ambayo katika msahafu wa Kihindi huwekewa sukuni, hapa huachwa tupu. Alifu ya kuungia nayo hubeba kichwa cha swadi ambacho mzee hajapata kukiona. Husita, hurudi nyuma, na mjukuu aliye pembeni hudhani babu hajui kusoma, naye amekwisha khitimu mara zisizohesabika.

Zipo programu zenye hati zote mbili, lakini uchaguzi wenyewe umefichwa ndani ya mipangilio, mahali asipofika mtu wa miaka sabini. Sisi tunaona swali hilo lilipaswa kuulizwa mwanzo kabisa, siku programu inapofunguliwa, na kwa Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba hati moja ndiyo umoja wa umma. Hoja hiyo ina uzito, kwani Sayyidna Uthman (R.A.) aliwakusanya watu juu ya msahafu mmoja. Hata hivyo, alichowakusanyia ni maandishi yasiyokuwa na irabu. Nukta za irabu za Abul Aswad ad-Duali zilikuja baadaye katika karne ya kwanza Hijria, na alama za Khalil bin Ahmad katika karne ya pili. Ziliwekwa kumsaidia msomaji asikosee. Alama inayomkosesha mzee wetu, basi, haijatimiza kazi iliyowekewa.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo uchaguzi unataka tahadhari. Baadhi ya programu huweka riwaya ya Warsh, inayosomwa Morocco na Algeria, karibu na uchaguzi wa rangi na ukubwa wa herufi, kana kwamba ni pambo jingine. Riwaya si pambo. Kwa Hafs, tuliyoizoea huku kwetu, neno «Maaliki» la Fatiha huvutwa. Kwa Warsh halivutwi. Zote mbili ni sahihi, ila mtoto anayebonyeza kwa kucheza atachanganyikiwa, na mwalimu wake hatajua kosa limetoka wapi.

Anayehifadhi naye ana haja yake. Msahafu wa Madina una kurasa 604 zenye mistari 15, na hafidhi hukumbuka aya kwa mahali ilipokaa katika ukurasa. Herufi zikikuzwa mistari huhama, na kumbukumbu nayo huhama. Huyu apewe ukurasa usiobadilika; bibi mwenye macho dhaifu apewe herufi kubwa.

Ama Qur'ani kwa herufi za Kilatini, hiyo tungependa ifungwe katika simu za watoto. Sini na swadi hufanana humo, hivyo ulimi ukaharibika mapema.

Vijana mnaowawekea wazazi programu hizi, msiwaachie simu na kwenda zenu. Fungueni sura ambayo mzee anaihifadhi, mwonyesheni ukurasa kwa hati moja, kisha kwa nyingine, naye aseme ipi anaisoma bila kusita. Itawachukua dakika tano.

Wallahu a'alam.