Neno la Kigeni na Sura Yake

Wako watu wengi, walimu na wanafunzi pia, wadhanio kwamba kulijua neno la lugha ya kigeni ni kuijua tafsiri yake. Huandika neno la Kifaransa upande wa kushoto wa daftari, na la Kiingereza au la Kiswahili upande wa kulia, wakapiga mstari katikati, kisha wakakariri mpaka usiku wa manane. Nia yangu katika insha hii ni kuipinga dhana hiyo. Nasema kwamba neno lililokaririwa pasipo kuona kitu chake mahali kinapotumika limejulikana nusu tu. Nusu iliyobaki yaweza kuletwa darasani kwa picha ya kweli, iliyopigwa kwa kamera kati ya watu wenye lugha yao.

Tuanze na mkate. Mwanafunzi wa Kifaransa huambiwa kwamba "pain" ni mkate. Jawabu hilo si uongo. Lakini alisikiapo, huona nini moyoni mwake? Huona mkate wa gramu 400 wa duka la jirani, wenye pembe nne, uliokwisha kukatwa vipande, unaongoja chai ya asubuhi. Mfaransa alitajapo neno lilo hilo, aghalabu hufikiri mkate mwembamba wenye ganda gumu uitwao "baguette", ambao urefu wake hupita sentimita 60. Huununua mzima kwa mwokaji, akauchukua kwapani, ukamegwa kwa mkono mezani. Wala hauliwi asubuhi tu, bali huwekwa kando ya chakula cha mchana na cha jioni. Ujuzi wa kuuoka wathaminiwa hata Shirika la UNESCO likautia mwaka 2022 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Picha moja ya meza ya chakula katika nyumba ya mji wa Lyon yaweza kuonyesha mengi ya haya kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Tazama pia Kijerumani. Neno "Abendbrot" hutafsiriwa kuwa chakula cha jioni. Mwanafunzi wa Kakamega au Machakos asomaye tafsiri hiyo huona sufuria ya ugali au ya githeri inayotoka mvuke. Picha ya kweli humwonyesha mambo mengine kabisa: mkate mweusi juu ya ubao, jibini, vipande vya nyama baridi na matango ya siki, wala hapana moto uliowashwa. Ndipo aelewapo kwa nini neno hilo, likivunjwa, maana yake ni mkate wa jioni. Na je, "Schultüte" utaitafsirije? Ni karatasi ngumu iliyosokotwa kama ile ya kutilia njugu, lakini kubwa hata mtoto huikumbatia kwa mikono miwili, iliyojazwa peremende na kalamu, apewayo mtoto wa Kijerumani siku yake ya kwanza shuleni. Lugha yetu haina neno lake kwa kuwa jambo lenyewe hatunalo. Maelezo yangu haya ni marefu, na bado picha ingenishinda.

Usidhani, ewe msomaji, kwamba hasara hii ni ya mgeni wa Ulaya peke yake. Lugha yako nayo huumizwa. Mara nyingi mgeni ajifunzaye Kiswahili huambiwa kwamba ugali ni "porridge". Basi hutazamia bakuli na kijiko, maana "porridge" aijuayo ni uji. Mwonyeshe picha ya watu waliozunguka sinia, mkono mmoja umefinyanga tonge, mwingine umechovya mchuzi wa sukuma wiki, naye hatakosea tena. Au lichukue neno "rice". Kwa Kiingereza ni neno moja, lakini sisi tuna mpunga ulio shambani Mwea, mchele ulio guniani, na wali ulio sahanini. Wachina nao hutofautisha: mpunga ni "dào", mchele ni "mǐ", na wali ni "fàn". Mkenya ajifunzaye Kichina kwa kupitia Kiingereza hupotezwa njia na neno moja la "rice", ilhali picha tatu zingemfikisha moja kwa moja katika maneno aliyokwisha kuyajua kwao.

Wapinzani wa njia hii wana hoja zao, nami sitaki kuzipita kimya. Wa kwanza husema kwamba picha ni mchezo wa watoto na huzoeza uvivu. Nawajibu kwamba mchezo huo una umri mkubwa. Mwaka 1658 mwalimu Comenius alitoa katika mji wa Nuremberg kitabu cha kufundishia kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, chenye maneno ya Kilatini na ya Kijerumani, na kila somo lina picha yake. Vitu vilivyo ndani ya picha vilitiwa tarakimu ili kila neno lipate kitu chake. Alitumia michoro kwa sababu kamera haikuwako; habari za kamera ya Daguerre zilitangazwa Paris mwaka 1839. Mwalimu wa leo aliye na kamera katika simu yake, naye akaridhika na orodha tupu, amerudi nyuma ya mwaka 1658.

Wa pili husema kwamba mchoro watosha, tena ni safi kuliko picha. Hapa nakubali kwa kiasi. Kwa kufundisha sikio, goti au msumari, mchoro wafaa sana, kwani vitu hivyo hufanana kila mahali. Lakini nyumba, soko, shule na harusi havifanani. Mchoro wa nyumba isiyo na kwao, yenye mlango mmoja na madirisha mawili, hauwafundishi watu makazi ya Mjerumani wala ya Mswahili.

Wa tatu husema kwamba mtihani hauulizi picha. Ni kweli, lakini mtihani wa Kifaransa wa kidato cha nne humtaka mwanafunzi aandike insha na azungumze. Aliyeona atakuwa na la kusema. Aliyekariri orodha atakuwa na maneno mengi yasiyoshikamana.

Hata hivyo sisemi kwamba picha ni dawa ya kila ugonjwa. Hakuna picha ya haki, wala ya aibu. Picha yaweza kukuonyesha mwanamume mwenye kofia, lakini haiwezi kukuonyesha kuwa yeye ni mjomba wala si ami. Hayo huelezwa kwa maneno. Tena picha yaweza kudanganya. Ufaransa ya kalenda ni mnara wa Eiffel, na Kenya ya kalenda ni simba na morani arukaye. Vitu hivyo vipo, lakini mwenyeji hashindi navyo mchana kutwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na picha zitembezwazo sana zilipigwa ili kuuza safari, si kufundisha lugha.

Kwa hiyo nataka picha ya darasani itimize masharti matatu. Iwe ya siku ya kawaida. Iandikwe mahali na mwaka ilipopigwa. Na isiwe peke yake. Kifaransa, kwa mfano, si cha Paris tu: ni lugha rasmi pia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Burundi na Rwanda. Neno "marché", yaani soko, lionyeshwe kwa soko la Lyon lenye jibini, na kwa soko la Kinshasa lenye mikate ya muhogo iliyofungwa majanini. Mwanafunzi atakayeziona zote mbili hatadhani kwamba lugha ina rangi moja ya watu.

Nawe, msomaji, usingoje kufanyiwa. Tafuta picha katika magazeti na majarida makuukuu, zibandike daftarini, uandike chini yake maneno ya kigeni pasipo tafsiri. Kisha fanya na la pili. Kiswahili hufundishwa leo katika vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani na Asia. Wakati wa likizo, ukipata kamera au simu ya mzazi, piga picha ya jiko la nyumbani, ya kibanda cha mama mboga, ya chai inayochemka pamoja na maziwa ndani ya sufuria. Waombe watu ruhusa kwanza. Andika jina la kila kitu, mahali na mwaka, umkabidhi mwalimu wako apate kuzituma. Usipofanya hivyo, wako wengine watakaokupigia wewe picha, na mgeni atajifunza maneno yako kwa sura waliyoichagua wao.