Vipele vya mkorogo: kwa nini vinazidi ukiacha?

Anayejipaka mkorogo huona uso unang'aa wiki za mwanzo. Akiacha, vipele vinafumuka, ngozi inawaka na kuwasha. Basi hurudi dukani, akiamini krimu ndiyo dawa yake. Kwa maoni yetu, hapo ndipo biashara hii inapopata wateja wa kudumu.

Baadhi ya krimu hizi zina klobetasoli, dawa kali ya ukurutu inayotakiwa kutolewa kwa cheti cha daktari. Ukiipaka usoni miezi mingi, ngozi hukonda na kuizoea. Ikikatwa ghafla, huchafuka. Nyingine zina zebaki, inayodhuru figo, na mkataba wa Minamata umepiga marufuku vipodozi vyake.

Huku kwetu Pemba, kama Unguja, msimamizi ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar; Bara, tangu 2019, ni TBS. Lakini kopo lisilo na jina, lililokorogwa nyuma ya duka, halipiti kwa yeyote kati yao. Kukagua mizigo bandarini Mkoani au Wete hakulifikii.

Ukitaka kuacha krimu yenye klobetasoli, usikate siku moja. Nenda hospitali na kopo lako mkononi, daktari akupangie namna ya kupunguza.