Nusu ya Viluwiluwi Haitoshi

Mvua zinyeshapo mkoani Singida, kati ya Desemba na Aprili, viluwiluwi wa mbu hujaa katika mashimo ya matofali na katika alama za kwato kando ya malambo. Wingi huo hutisha, lakini wengi wao hawatapata kuruka. Wanapozidi, kila mmoja hupata chakula kidogo na huchelewa kukomaa. Wakubwa hata huwala wadogo, na jua huweza kulikausha dimbwi kabla hawajaota mbawa. Majaribio ya magharibi mwa Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba viluwiluwi wa Anopheles gambiae waliosongamana walikawia kukua na kutoka wakiwa mbu wadogo.

Tangu kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba kizinduliwe mwaka 2015, halmashauri zimehimizwa kununua viuadudu vya kibaiolojia, yaani bakteria wanaomuua kiluwiluwi anapowala. Dawa ni nzuri. Hofu yangu ni unyunyiziaji wa siku moja, wa hotuba na picha, kisha basi.

Dawa ikiua nusu, nusu iliyobaki hurithi chakula cha waliokufa. Hunenepa na kukomaa upesi, na mbu jike mwenye umbo kubwa kwa kawaida huishi siku nyingi zaidi. Kwa malaria, siku hizo ndizo hesabu yenyewe: kimelea huhitaji takriban siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu.

Sisemi viluwiluwi waachwe wamalizane wenyewe. Singida, mkoa mkavu wenye maambukizi ya chini, una fursa ambayo mikoa ya mvua nyingi haina: ifikapo Oktoba, maji yaliyosalia yanahesabika. Kila kijiji kiorodheshe malambo na mashimo yake wakati huo, yasiyotumika yafukiwe, na mnyunyizaji arudi kila wiki, kama ulivyofanya mpango wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2004. Kiluwiluwi aliyekwisha kugeuka pupa hali tena, hivyo dawa haimgusi. Anayerudi baada ya mwezi atakuta wameruka.

Vyandarua viendelee kutumika, na mwenye homa akapime. Lakini fedha za dawa zikiwa chache, ningechagua vijiji vitatu vinyunyiziwe msimu mzima, pasiachwe dimbwi, kuliko vijiji thelathini mara moja.